Mashua Isiyoogopa Vidole

Siku ile mliponiaga kwa keki na saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonitoa jasho zaidi katika miaka yangu yote ya karakana. Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, nikajibu kwa kifupi, "Mashua ndogo." Mkacheka mkidhani ninatania. Sasa niko nyumbani, kuku wameshanizoea, na hakuna anayenisubiri mlangoni na fomu ya kutia sahihi. Acha niwaeleze vizuri, maana ninyi mnaotengeneza vifaa siku hizi mnaanza na kompyuta, na huenda hamjui kwamba mimi nilianza na ufagio.

Nilipoingia karakana yetu ya vifaa vya kufundishia hapa Kakamega, miaka ya tisini ilikuwa bado michanga. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza ramani za udongo, saa za kadibodi na mifupa ya mkono kwa waya, halafu tunaziazima shule za msingi. Siku ya kwanza mkubwa wangu, Bwana Makokha, alinikabidhi ufagio, funguo mbili, na maboksi manane yaliyokuwa yamelala juu ya kabati.

"Hizi ni meli," alisema. "Mwalimu mmoja Mzungu aliziacha akirudi kwao. Hakuna anayejua kuziunga. Wewe una vidole vyembamba."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu ya mafunzo, mwanzo hadi mwisho.

Ndani ya kila boksi mlikuwa na vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye vijiti vyake kama zambarau kwenye tawi, kila kimoja na nambari yake. Palikuwa pia na karatasi ya picha: nambari moja inashika nambari mbili, nambari mbili inaingia kwenye nambari tano. Unakata kwa wembe, unasugua kile kidonda kidogo kilichobaki, unapaka gundi kwa ncha ya kiberiti, unashikilia huku ukihesabu hadi ishirini. Gundi yenyewe ilikuwa na harufu ya kupasua kichwa. Nilifungua madirisha yote, na bado ikifika saa nne asubuhi Bwana Makokha ananiuliza kama nimepitia kwa mama pima kuonja chang'aa.

Meli ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: milingoti mitatu, kamba nyembamba kama nywele, mizinga midogo ubavuni. Nilipoimaliza, walimu wa historia waliigombania. Nilianza kujiita mjenzi wa meli, katika mji usio na bandari wala ufuo, wenye mvua ya alasiri tu. Sikujua bado kwamba kazi yote ya kufikiri ilikuwa imeshafanywa na mtu wa ng'ambo. Mimi nilikuwa namtii tu.

Halafu akaja Mwalimu Zuhura. Alikuwa mtu wa Mumias, mrefu, mwenye buibui safi na sauti ya mtu asiyekubali kusubiri. Alifundisha darasa la watoto wasioona katika shule moja iliyo kati ya Mumias na Bukura.

"Asalaam aleikum, Mama Ayuma," alinisalimu.

"Waaleikum salaam, mwalimu. Karibu kiti."

"Sitakaa. Nimefundisha kwamba wageni walikuja na meli. Mtoto mmoja akaniuliza, meli ni nini? Nikasema ni kama nyumba inayoelea. Akauliza, ina mabati? Dada yangu, nipe meli."

Nilifunga ile ya milingoti mitatu katika blanketi, nikaipakata mwenyewe hadi shuleni. Watoto walikuwa tisa. Nikaiweka mezani, nikasema kwa madaha, "Haya, shikeni, lakini polepole." Wa kwanza kuja alikuwa msichana wa kama miaka kumi, jina lake Rehema, binti wa wakulima wa miwa wa upande wa Mayoni. Yeye ndiye aliyekuwa ameuliza habari ya mabati. Alitanguliza mikono yote miwili kama anavyofanya mtu anayepokea mtoto mchanga. Akagusa ubavu, akapanda juu, akafika kwenye mlingoti wa katikati.

Tak.

Kilikuwa kisauti kidogo sana. Ulivunjika mlingoti, kamba zikavuta wa pili, wa pili ukalala juu ya wa tatu. Rehema aliondoa mikono yake kana kwamba ameshika sufuria ya moto. Akarudi mahali pake, akaikalia mikono yake, kiganja kimoja chini ya kila paja. Wenzake walipopita kugusa kilichobaki, vikavunjika vipande vingine vinne. Mimi huku nasema "si kitu, si kitu," na sauti yangu ikisema vingine kabisa. Watoto wasioona husikia vizuri, na niliuona uongo wangu ukiwafikia mmoja mmoja.

Mwalimu Zuhura alinisindikiza hadi barabarani. "Rehema hatagusa kitu tena wiki hii," alisema. "Na huyo mtoto asipogusa, hasomi. Ni kama wewe ufungwe kitambaa usoni kisha uambiwe usome ubaoni."

Bwana Makokha alipoona nilichorudisha ndani ya blanketi, hakugomba. Aliandika tu kwenye daftari la kuazima kwamba darasa lile lisipewe tena vifaa vya kuunganishwa, kwa sababu vinavunjika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlinzi wa kabati, na kabati ndilo lililomfanya asilale vizuri.

"Basi nitawatengenezea meli ya mbao," nikasema. Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Akaniangalia juu ya miwani. "Umewahi kutengeneza hata kigoda?"

"Sijawahi."

"Sawa. Ukifaulu, ikae kwa watoto muhula mmoja mzima. Ikirudi nzima, nitafuta maneno haya mwenyewe. Ikirudi hivi, hatutaongea tena habari ya meli."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mbao ni plastiki ya rangi ya kahawia. Plastiki huja na tumbo la meli tayari, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, unazibandika kama maharagwe. Kwa mbao hakuna tumbo. Kuna ubao ulionyooka, na ubao hauna haja ya kuwa meli. Ni wewe utengeneze mkuku, yaani uti wa mgongo unaokaa chini kabisa, juu yake usimamishe mataruma, ambayo ni mbavu, halafu uvike mbavu hizo ngozi ya vipande vyembamba. Hayo niliyasoma katika kitabu cha maktaba ya mkoa kilichokosa kurasa za katikati, zile ambazo bila shaka zilieleza jinsi ya kufanya.

Nikachora meli ile ile ya milingoti mitatu. Mataruma nikayakata kwa plaiwudi ya droo iliyovunjika, vipande nikachaniwa kwenye kiwanda cha mbao, vya msaiprasi, unene wa kidole. Nikavibandika kwa ile gundi ya plastiki. Asubuhi nikakuta vimedondoka vyote mezani kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Nikatumia misumari midogo ya mshona viatu, mbao zikapasuka. Mwishowe nikapata gundi nyeupe ya maseremala, nikavilazimisha vipande kwa kamba na matusi, nikaianika meli juani ikauke haraka. Ilikauka. Omo, yaani pua ya mbele, ikatazama Kisumu na tezi, yaani nyuma, ikatazama Webuye.

"Mama Ayuma," Bwana Makokha akaniuliza, "hii ni meli ama ni kiatu cha gambuti?"

Nilikaribia kukata tamaa, nisiwafiche. Jumapili hiyo nilikuwa harusini, nikaketi karibu na mpiga gita. Watu walikuwa wanamtazama bibi harusi, mimi nakitazama kiuno cha gita. Ubao umekunjwa ukaingia, ukatoka, ukaingia tena, bila ufa hata mmoja. Nikamngoja yule kijana amalize wimbo, nikamuuliza nani alikunja huo mti. Akaniambia kwamba gita lilianguka kutoka kwenye baiskeli, likatengenezwa upya na Fundi Shivachi wa Lubao.

Nilienda Lubao siku ya soko, nikapita katikati ya ng'ombe, mbuzi na mbwa wa kuuzwa, meli yangu iliyopinda nimeificha ndani ya gunia. Fundi Shivachi alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mikubwa, ameketi nyuma ya maduka, magita yakining'inia juu yake.

"Mulembe, mama. Gita iko wapi?"

"Sina gita, mzee. Nina meli."

Akaitoa guniani, akaigeuza mara mbili, akaipima kwa jicho moja.

"Iligongwa na lori?"

"Hapana. Niliitengeneza hivyo."

"Pole sana."

Nikamweleza yote, kuanzia maboksi hadi Rehema. Alisikiliza huku akikaza waya wa gita. Kisha akauliza, "Kwa nini miti mitatu juu?"

"Ile ya plastiki ilikuwa nayo."

"Ile ya prastiki ulizaa wewe, ama ulipewa?"

"Nilipewa."

"Basi ulikuwa unalea mtoto wa mwenyewe. Sasa unataka kuzaa, na mara ya kwanza unataka mapacha watatu." Akaweka gita chini. "Tengeneza mashua. Haina mti juu, haina chumba. Tumbo tu. Ukijua tumbo, hayo mengine ni hereni."

Ndivyo nilivyoshushwa cheo kutoka meli hadi mashua, na ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kutendewa kazini. Kila Jumamosi kwa miezi miwili nilikuwa Lubao. Somo la kwanza lilikuwa kunoa kisu, na lilichukua siku nzima. Somo la pili lilikuwa kupunguza unene: vipande vyangu vya kidole vikapigwa randa hadi vikawa kama ukanda wa suruali. "Mti mnene unabishananga," alisema. "Mwembamba unasikianga."

Halafu akanionyesha bomba. Lilikuwa kipande cha bomba la chuma kilichofungwa kwenye benchi, makaa yamewekwa ndani upande mmoja. Unaloweka kipande cha ubao, unakilaza juu ya bomba la moto, unakisukuma kidogo kidogo huku mvuke ukipanda. Hulazimishi. Unangoja hadi ubao wenyewe ulegee, kama mtu anayekubali kuketi baada ya kukataa mara tatu. Ukisikia "kri," umechelewa. Nilisikia "kri" mara nyingi. Mkewe Fundi alikuwa akikusanya vipande vyangu vilivyovunjika kuwashia jiko, na akisonga obusuma, ugali wetu, ananiambia, "Mama wa meli akija, mimi sihangaiki na kuni."

Mkuku niliuchonga kwa mti wa mukumari, mwepesi na usiopasuka ovyo. Mataruma yakawa saba. Vibanio vya nguo vikawa ndivyo vidole vyangu vya ziada vya kushikilia gundi ikauke. Na ikaukie kivulini, jamani, si juani. Fundi alinionya jambo moja zaidi ya mara moja: ukivika kipande kushoto, kinachofuata kivike kulia. Upande mmoja ukitangulia, unavuta mwenzake. Nilimtii kila Jumamosi isipokuwa moja, siku ambayo vibanio havikutosha na mvua ilikuwa inakuja. Siku hiyo niliweka vipande vitatu upande mmoja, nikajiambia nitasawazisha wiki ijayo. Ninyi vijana mnajua "wiki ijayo" ni nini.

Mashua ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, na vikalio viwili ndani. Nilikuwa nimeleta rangi ya buluu. Fundi akauliza ni ya nini. Nikajibu ni ya kupendeza. Hapo nikakumbuka itashikwa na nani, nikaona aibu, nikairudisha mfukoni. Badala yake Fundi alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya mashua nzima, akasimama kwenye ukingo. "Hapa inauma." Nikapiga msasa. Akapitisha tena. "Hapa pia." Tulienda hivyo hadi alasiri, kisha tukaisugua kwa nta ya nyuki.

Nilikuwa nimenyoosha mikono niipokee, akaiachilia kutoka juu ya benchi.

Ilianguka kwenye sakafu ya simiti kwa mlio wa ngoma. Mimi nilipiga kelele ambayo bado inazungumzwa Lubao. Fundi Shivachi akainama polepole, akaiokota, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama anavyosikiliza gita.

"Imefika," alisema. "Sasa peleka kwa mwenyewe." Jumamosi iliyofuata nilimpelekea ingokho, kuku mnono, naye akamkagua kwa makini kuliko alivyokagua mashua.

Shuleni, Mwalimu Zuhura aliniambia mapema nisimwite Rehema. "Mwache. Usimtazame, usimtaje." Kwa hiyo tukaiweka mashua mezani na kuwaacha wenzake. Mara hii sikusema "polepole." Nilijiuma mdomo. Wakaishika, wakaipindua, mmoja akaivaa kichwani, mwingine akainusa akasema ina harufu ya asali.

"Ni kofia," alisema huyo wa kwanza.

"Ni pipa limekatwa."

"Pipa halina pua. Hii ina pua hapa mbele."

Ugomvi ulipopamba moto, nikasikia benchi ya nyuma ikilia. Rehema alikuwa ameinuka. Alikuja akifuata kingo za madawati, akasimama mbele ya meza na mikono mgongoni.

"Ikivunjika?" aliuliza, bila kumwelekea mtu.

"Ilishaanguka kwenye simiti," nikasema. "Iliangushwa makusudi. Hata mimi nililia."

Akatabasamu kidogo kwa upande. Mkono wa kwanza ukatoka, kidole kimoja. Kisha kiganja. Kisha wa pili. Akaifuata pua hadi nyuma, akaingia ndani akahesabu vikalio, akatoka, akashuka chini kwenye mkuku. Halafu akairudia, mkono wa kulia huku na wa kushoto huku, ikitembea pamoja kama miguu ya mtu mmoja. Akasimama katikati. Akarudi nyuma kidogo. Uso wake ukakunjamana.

"Madam, huyu ana shida. Upande huu ameshafuturu. Upande huu bado amefunga."

Darasa zima likaangua kicheko, Mwalimu Zuhura akaegemea ubao akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nikaichukua mashua, nikaitazama mbele na nyuma kwenye mwanga wa dirisha. Sikuona kitu. Nikatoa uzi mfukoni nikapima. Tofauti ilikuwa unene wa shilingi moja, mahali pale pale pa vipande vitatu vya siku ya mvua. Fundi mzima, na mimi na macho yangu mawili, tulikuwa tumepita hapo bila kugundua.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Nilifanya haraka."

"Si neno, Madam," akanijibu kwa upole, kama mtu mzima anayemfariji mtoto. "Itaelea?"

Swali hilo halikuwa limenijia kabisa. Tulileta karai la kufulia, tukalijaza maji. Mashua ikaelea imelalia upande wa kushiba. Rehema akaweka kiganja chini yake ndani ya maji, akakishusha taratibu hadi kisiiguse tena, akakaa hivyo akisikia mashua ikipita juu ya vidole vyake bila kushikwa na mtu. Kisha akaagiza kokoto. Alizipanga moja moja upande uliofunga hadi mashua ikakaa sawa, na hakuna aliyemwelekeza.

Muhula ulipoisha mashua ilirudi na kikalio kimoja kimelegea na harufu ya njugu karanga. Bwana Makokha aliigeuza mezani kwake kwa muda mrefu. "Imenenepa upande mmoja," alisema, maana sasa kila mtu alikuwa mtaalamu. Kisha akafungua daftari la kuazima, akayafuta yale maneno yake kwa rula na kalamu nyekundu, mstari ulionyooka kabisa. Baada ya hapo nilitengeneza meli ya ziwani yenye bomba la moshi, jahazi, treni, na mwishowe hata ile ya milingoti mitatu, minene kama vidole gumba na isiyojali. Kila moja nilimpelekea Rehema kwanza kabla ya kuipeleka kwa mkubwa yeyote. Nyingi alizipitisha. Treni aliikataa mara mbili.

Lakini wiki ile ile mashua iliporudi, Mwalimu Zuhura aliniletea karatasi ya mambo ambayo darasa lilitaka litengenezewe. Watoto walitaja ndovu, gari la rais, na mbu, mkubwa wa kushikika. Chini kabisa alikuwa ameandika ombi la Rehema kama alivyolisema: *Daraja la mto Nzoia. Navuka kila nikifungua shule na kila nikifunga, gari linabadilisha sauti, na sijui daraja lenyewe liko vipi.*

Mimi nilikuwa nimevuka daraja hilo miaka yote na sikuwa najua liko vipi vilevile. Jumatatu niliomba ruhusa, nikapanda basi na daftari na futi ya kupimia, nikashuka pale. Lori la miwa lilipita, daraja likatetemeka hadi magotini kwangu. Nikaishika reli ya chuma, iliyokuwa baridi na yenye misumari ya vichwa vya mviringo, nikaacha futi mfukoni. Nikaanza kulipima kwa viganja.